Simu Isiyofika kwa Mama

Mganga wa meno alikuja mwenyewe mpaka kaunta, koti jeupe bado mwilini, akasema kwa sauti iliyosikika foleni nzima kwamba kampuni ile ya simu za mtandao inamkatia riziki. Wiki tatu sasa hajapigiwa na mgonjwa hata mmoja kutoka kiwanda cha sabuni. Jana yake alikutana na msimamizi wa kiwanda barabarani, shavu limemvimba kama puto, naye akamwuliza, "Daktari, umetuchoka? Tunapiga, simu inaita, hupokei."

"Na simu ninayo hii hapa!" mganga akasema, akaibamiza juu ya kaunta. "Imelala kama maiti."

Shauri lake likapandishwa ghorofa ya pili, kwa fundi mmoja wa kike waliyemwita Chiriku, maana mdomo wake haukutulia hata alipokuwa peke yake na kompyuta. Kazi ya Chiriku ilikuwa kutafuta huduma zinazogombana ndani ya mtandao na kuzipatanisha. Redio, mzee wa kitengo cha wateja ambaye jina alipewa na sauti yake nzito, aliiita kazi hiyo baraza la ndoa. "Kila huduma ukiitazama peke yake ni mwali mwema," alipenda kusema. "Ziingize nyumba moja uone vyombo vinavyoruka."

Adhuhuri haijafika, Chiriku alikuwa ameshajua ugomvi ulipo. Simu ya zahanati, isipopokewa, ilipangwa ihamie kwa mke wa mganga. Mke wa mganga naye alikuwa amezuia namba ya kiwanda, kwa sababu kuna bwana mmoja wa mapokezi aliyekuwa akimtongoza. Basi mtandao ulitazama mbele, ukaona safari hii huenda ikaishia kwa mtu asiyemtaka mpigaji, ukaikata pale pale mwanzoni, kabla simu ya zahanati haijalia hata mara moja. Mpigaji akawa anasikilizishwa mlio wa bure. Akivumilia sana, sauti ya kampuni inamwambia aache ujumbe, na ujumbe wenyewe unaangukia kwenye sanduku la sauti la yule yule aliyemzuia. Mke wa mganga alikuwa na jumbe kumi na sita za maumivu ya meno, hajafungua hata mmoja.

Chumba kizima kilicheka. Bosi peke yake hakucheka.

"Kama yapo kwa mganga, yapo na kwa wengine," alisema. "Tafuta wote."

Chiriku akaandika programu fupi ya kupita akaunti moja moja na kuokota kila nyumba yenye ugomvi wa namna hiyo. Ilipomaliza, ilileta nyumba thelathini na tisa. Alianza kuzisoma kwa sauti, kama kawaida yake: duka la vipuri, nyumba ya kulala wageni, ofisi ya wakili. Alipofika ya ishirini na saba, akanyamaza.

Redio aligeuka. Hakuwa amezoea kumsikia akinyamaza.

"Kuna nini?"

"Ni kwetu," Chiriku akasema.

*

Kwao palikuwa na watu watatu. Baba, mkaguzi wa mizani mstaafu, aliyezunguka masoko miaka thelathini akikamata mawe ya kupimia yaliyopunguzwa, na ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mizani kwa heshima. Mama, fundi cherehani, aliyeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Na Chiriku mwenyewe. Wa nne, kifungua mimba, alikuwa mbali, ng'ambo, akifanya kazi ya kutunza wazee. Alikimbia ndoa, akaondoka bila kuaga. Walimwita Kifungua tangu utotoni, na sasa mwaka mmoja na miezi minane jina hilo halikutajwa ndani ya nyumba ila kwa kuteleza ulimi.

Akaunti ilikuwa ya baba. Simu ya mama isipopokewa ihamie kwa baba: hilo alilipanga Chiriku mwenyewe, ili wateja wa sare wasipotee mama akiwa sokoni. Kwenye simu ya baba kulikuwa na namba moja tu iliyozuiwa, yenye tarakimu za ng'ambo.

Aliijua namba ile. Alikuwa nayo kwenye simu yake mwenyewe. Mwaka uliopita, baada ya kumkuta mama analia juu ya kitambaa, alimwandikia dada yake: *Kama huwezi kumpigia Mama, na mimi usinitafute.* Dada akajibu papo hapo: *Nampigia kila Jumapili. Muulize kwa nini hapokei.* Chiriku akaandika: *Simu ya Mama inashinda mkononi mwake. Mimi ni fundi wa simu, usinifanye mjinga.* Hapo wakaachana.

Sasa kumbukumbu za mtandao zilisimama mbele yake, mstari baada ya mstari. Jumapili, saa kumi jioni. Jumapili, saa kumi na dakika tano. Simu themanini na moja. Zote zilipigwa kwa mama, na hakuna iliyolia kwa mama. Mara tisa mpigaji alivumilia mpaka mwisho akaacha ujumbe. Yaliyosemwa hayakuonekana, ila mbele ya kila ujumbe mtandao uliweka alama yake: *umesikilizwa*. *Umesikilizwa*. Ujumbe wa saba: *umesikilizwa mara kumi na nne*.

Chiriku alihesabu jumbe tena kwa kidole juu ya kioo, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Bosi alikuja akasimama nyuma yake. Alisoma, akaelewa, kisha akanyoosha mkono akazima kioo.

"Hiyo haikuhusu tena. Ni nyumba yenu, huwezi kuwa hakimu na mlalamikaji. Redio atampigia mwenye akaunti kama atakavyowapigia wengine wote, amwulize anataka huduma gani ishinde. Na nikwambie kitu, bibie: siri ya mteja ikivuka mlango huu kwa mdomo wako, wewe usirudi."

"Mteja ni baba yangu."

"Ndiyo maana nakwambia."

*

Redio alimpigia Mzee Mizani saa nane mchana, kutoka meza ya pili, kwa kipaza sauti kama ilivyokuwa desturi ya chumba kile. Angeweza kuchukua visikizi, asikie peke yake. Alimtazama Chiriku, naye akatikisa kichwa: acha hivyo hivyo.

"Shikamoo mzee. Tunakupigia kutoka kampuni ya simu. Mazungumzo haya yanarekodiwa."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

Sauti ya baba ilijaa chumbani, tulivu, sauti ya mtu aliyeshuhudia mahakamani mara nyingi. Redio akasoma karatasi yake. Kwamba kumegundulika mgongano kati ya huduma ya kuhamisha simu na huduma ya kuzuia namba. Kwamba kwa kosa la kampuni, namba aliyoizuia mzee kwenye simu yake imekuwa ikizuiwa na kwenye simu ya mama. Kampuni inaomba radhi. Je, mzee anapenda kizuizi kibaki kwake peke yake, na simu ya mama iwe huru?

"Iache kama ilivyo," Mzee Mizani akasema.

Redio akainua macho kutoka kwenye karatasi. "Mzee, labda sikueleza vizuri. Mtu huyu akimpigia mama, mama hasikii kabisa. Simu hailii."

"Umeeleza vizuri."

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, wewe umeniuliza ninataka nini, na mimi nimekujibu. Andika hapo: iache kama ilivyo. Kazi njema."

Simu ikakatika. Redio alishika kalamu bila kuandika. Kijana wa meza ya mlangoni alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Chiriku, aliyekuwa akijua kwamba wenzake wote wamemsikia baba yake akimuuza mama yake kwa maneno matatu, alichukua mkoba wake akatoka. Aibu ilimuwahi kabla ya hasira. Alishuka ngazi akiwa ameuziba uso kwa mkono, kama vile yeye ndiye aliyekamatwa.

*

Alimkuta baba kwenye kibaraza cha nyuma, anapiga pasi shati lake. Tangu astaafu alipiga pasi mwenyewe; alisema hakuna anayejua kunyoosha kola. Kutoka chumba cha mbele cherehani ya mama ilisikika ikienda na kusimama, ikienda na kusimama.

"Umerudi mapema," baba akasema.

"Baba, nilikuwepo chumbani Redio alipokupigia."

Baba akasimamisha pasi, akaiweka wima. Hakuuliza Redio ni nani.

"Basi umesikia."

"Nimesikia. Sijaelewa." Aliteremsha sauti. "Kwako ulimzuia, sawa, simu ni yako, ukali ni wako. Lakini kwa mama? Ulijua tangu lini?"

"Kwa mama sikuzuia mimi. Ni mitambo yenu."

"Mitambo haina masikio, baba. Umesikiliza jumbe tisa. Alikuwa anadhani anazungumza na mama."

Mzee Mizani alitazama mlango wa chumba cha mbele. Cherehani ilikuwa inaenda. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutazama wengine wakitafuta la kusema, akiwa ameshika jiwe lililochongwa chini. Alijua dalili zote: jasho la juu ya mdomo, mikono isiyojua pa kukaa. Sasa alizihisi mwilini mwake.

"Ujumbe wa kwanza ulipokuja nilisema nitamwambia Jumapili ijayo," akasema. "Ikaja, ikapita. Ya pili ikapita. Jambo likichelewa linaota mizizi."

"Mwambie leo. Nakuomba. Mimi nikimwambia nafukuzwa kazi, nimeonywa."

Chiriku alisema hivyo akidhani anamtia huruma. Badala yake aliona kitu kikilegea usoni mwa baba, kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa kutokea.

"Basi usimwambie," baba akasema kwa upole. "Kazi siku hizi haipatikani. Na sheria ni sheria, mwanangu: siri ya mteja ni siri ya mteja."

Akaichukua pasi, akarudi kwenye kola.

Chiriku alibaki amesimama. Alikuwa amelelewa kwa maneno ya mtu huyu. Ni yeye aliyemfundisha kwamba anayepunguza gramu kumi ni mwizi sawa na anayebeba gunia. Alipita ndani, akaenda mpaka cherehani, akaweka mkono juu ya gurudumu likasimama.

"Mama, Kifungua alikuwa akikupigia simu."

Mama alimtazama juu ya miwani. Pini mbili zilikuwa mdomoni. Akazitoa taratibu, akazichomeka kifuani kwenye kanga.

"Nani kakwambia?"

"Kila Jumapili, saa kumi. Simu zilikuwa hazilii kwako. Ni kosa la kampuni yetu, na mengine muulize baba. Mimi nimeishia hapo."

*

Mama hakuuliza mara mbili. Alimwita mumewe kwa jina la heshima, kama alivyomwita miaka yote, "Baba Kifungua, njoo," na alipokuja akanyoosha mkono. "Nipe simu yako."

"Mke wangu, tukae kwanza tuongee."

"Nimekaa."

Mzee akatoa simu mfukoni akampa. Mama akaigeuza, akaiwasha. Hakujua sanduku la sauti linafunguliwaje. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya kubonyeza na kupokea tu. Akamrudishia.

"Fungua wewe. Unajua njia."

Hivyo mkaguzi wa mizani mstaafu alisimama mbele ya meza ya kukatia vitambaa, akabonyeza mwenyewe, ujumbe mmoja baada ya mwingine, huku mke na binti wakimtazama vidole.

*Mama, shikamoo. Ni mimi. Nimefika salama. Najua umekasirika. Nitapiga tena Jumapili.*

Wa pili ulikuwa mfupi, wa kulia tu. Kabla ya wa tatu, kidole cha mzee kilisita.

"Huu si lazima," akasema.

"Bonyeza."

*Mama, sitaki uendelee kudhani niliondoka kwa kiburi. Alinivunja mkono. Mkono wa kushoto, Mama. Nilikwenda kwa baba ofisini kwake, kabla hajastaafu, nikamwonyesha, plasta bado mbichi. Akaniambia nirudi, ndoa ni kuvumiliana, na wewe nisikusumbue kwa sababu una presha. Nikarudi. Mara ya pili sikungoja anivunje. Nilitaka tu ujue.*

Mama alivua miwani. Miezi ishirini alikuwa amewaambia wateja, majirani, hata dada zake mwenyewe, kwamba binti yake alishindwa na ndoa nzuri kwa kupenda makuu. Alikwenda kwa wakwe na zawadi mkononi kuomba radhi. Mumewe alikuwa pembeni yake siku hiyo, akamsaidia kubeba kapu.

"Ulimwona na plasta?" akauliza.

"Nilimwona."

"Ukaja hapa ukala chakula changu."

Mama akaonyesha simu kwa kidevu: endelea. Wa nne, wa tano, wa sita. Wa saba ulianza na kilio cha kichanga, kikali, chenye hasira, kisha sauti ya Kifungua ikicheka na kulia pamoja. *Msikie, Mama. Ana siku tatu. Nimempa jina lako.*

Mzee Mizani alifunika macho kwa kiganja. Ni huu aliousikiliza mara kumi na nne, bafuni, maji yakiwa yanamwagika ili wasisikie. Alimpenda mtoto yule kwa siri, kama mtu anayekula mlango umefungwa. Labda alitaka wamwonee huruma kwa hilo. Lakini mama aliuliza tu, "Huyu ana miezi mingapi sasa?"

"Kumi na mmoja."

"Mjukuu wangu ana miezi kumi na mmoja, na wewe ulikuwa unamsikia peke yako."

Ujumbe wa tisa ulikuwa wa wiki tano nyuma. *Mama, sitakusumbua tena. Ukinihitaji, namba anayo Chiriku.*

*

Chiriku alipiga kwa simu yake, akampa mama. Huko ng'ambo iliita muda mrefu.

"Chiriku? Kuna msiba?"

"Ni mama yako."

Kwa mbali mtoto alikuwa akigongagonga kitu.

"Mama," Kifungua akasema, bila joto. "Leo ndiyo umenikumbuka."

"Mwanangu, simu zako zilikuwa hazifiki. Mtandao ulikuwa unazikata. Chiriku ndiye kagundua leo, huko kazini kwao."

"Mtandao." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mwaka na miezi minane, Mama? Kwako tu? Kazini kwetu kila mtu anapiga kwao anapokelewa. Mimi si mtoto, usinifanye mjinga."

Chiriku alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, akatazama chini. Mama alimtazama mumewe. Alikuwa bado amesimama pale, na macho yake yalikuwa yanaomba. Neno moja tu lilitosha: mtandao. Kampuni ingebeba lawama yote, na kwa nusu ingekuwa kweli.

"Mtandao ulikosea," mama akasema polepole. "Baba yako akaona kosa, akaliacha. Jumbe zako zilikwenda kwake. Alizisikiliza zote. Mimi nimezisikia leo, sasa hivi, kwa mara ya kwanza. Na ule wa mkono nimeusikia."

Upande wa pili ilisikika pumzi nzito, kisha tena, na mama akajua kwamba mwanawe anaziba mdomo ili asimtishe mtoto.

"Kwa hiyo nilikuwa nazungumza na yeye," Kifungua akasema hatimaye. "Mambo yote yale. Nilikuwa namwambia yeye."

"Ndiyo."

"Yuko hapo?"

"Yupo."

"Sitaki kumsikia."

"Hatasema," mama akajibu, na mzee, aliyekuwa amefungua mdomo, akaufunga. "Mlete mtoto karibu na simu. Mimi bado sijamsalimia."

Mzee Mizani alisikiliza kidogo akiwa mlangoni. Halafu akarudi uani. Shati alilokuwa amelisahau lilikuwa limeungua mgongoni kwa umbo la pasi. Alilikunja hivyo hivyo, akaliweka juu ya mengine.

*

Chiriku alikwenda mwenyewe kwa bosi asubuhi, akasema alichokisema nyumbani na asichokisema. Kwa kuwa alikuja kujishtaki mwenyewe, hakufukuzwa; alipewa barua ya onyo, aisaini mbele ya wenzake. Redio alimletea kalamu. "Wale thelathini na wanane wote walisema kizuizi kisiguse wengine," alimnong'oneza. "Hata mke wa mganga."

Saa tano mama alitokea kaunta. Alikuwa amevaa gauni lake la shughuli na kushika kitambulisho, maana miaka yote hakuwahi kuwa na laini kwa jina lake. Alisimama kwenye foleni kama watu wengine, ingawa Chiriku alishuka kumwita apite mbele. Wiki nzima baadaye angeendelea kulala kwenye chumba cha cherehani, na mumewe angeendelea kuweka chai mlangoni pake na kuikuta imepoa. Mpaka leo hawajaachana. Hawajapatana pia. Akiulizwa, mama husema ana nguo nyingi za kumaliza.

Binti wa kaunta alijaza fomu akimwuliza huku anachapa. Jina. Kazi. Mtaa.

"Na huduma ya kuhamisha simu, mama? Ukiwa mbali, huwezi kupokea, tuipeleke kwa nani? Mzee? Binti?"

"Isiende kwa mtu."

"Sasa itaita tu, mama. Wengine wanakata tamaa."

"Huyu wangu hakati upesi," mama akasema. "Iache iite. Nitaikimbilia."